Wakili Aliyebariki Nyanya za Ilula

Jumatatu, 2 Juni 2025

Baridi! Mimi ni mtoto wa Mbeya, baridi siyo mgeni wangu, lakini hii ya Iringa inamkomoa mtu. Inaingia hadi ndani ya soksi.

Nimefika ofisini mapema makusudi, niwahi kiti cha juani. Kituo chetu cha msaada wa kisheria hapa Kihesa kina dirisha moja tu linalopata jua la asubuhi, na chini yake kuna kiti kimoja. Nimemkuta Esnath ameshakikalia, miguu kainyoosha, anakunywa chai. Tumesoma naye darasa moja, tumeapishwa uwakili siku moja, na tangu siku hiyo hajachelewa popote. Mtu wa namna hiyo ni taabu kufanya naye kazi.

Niandike mpango wangu hapa, maana shajara haina mdomo. Wenzangu wanadhani nimekuja kituoni kwa ajili ya wanyonge. Waendelee kudhani. Nimekuja kuchuma uzoefu kidogo, kisha nihamie kwa Fred kule Mbeya. Fred tulimaliza naye shule ya sheria, na tayari ana ofisi Uhindini: vioo, kapeti, na dada wa mapokezi wa kuwaambia watu wasubiri. Kaniambia waziwazi kwamba nikija na mteja mmoja mkubwa kabla ya mwezi kuisha, kiti changu kipo. Nikichelewa anakalia mwingine. Mteja mmoja tu! Ninachohitaji ni tajiri mwenye matatizo.

Badala yake Dada Taslim, mkuu wetu, kanipa mjane. Anaitwa Mama Masumbuko, anauza nyanya Ilula, kando ya barabara kuu, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Sasa shemeji yake, Saulo, anadai kiwanja ni cha ukoo na anataka kukiuza. Shauri litapelekwa baraza la kata Jumatano ya wiki ijayo. Kiwanja kikienda, mama huyu hana pengine pa kusimama na ndoo zake, na watoto wake wanasomeshwa na nyanya hizohizo. Esnath kapewa kesi ya Mahakama Kuu. Mimi, nyanya.

Nikauliza kwa uvivu mnunuzi ni nani. Dada Taslim akasita kidogo, akasema ni mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi hapa mjini, anaitwa Shabbir.

Shabbir! Mwenye lile duka ambalo mabati yamejaa hadi barazani! Mungu hamtupi mja wake. Nimelipokea faili kwa mikono miwili. Dada Taslim kasema amefurahi kuona nina moyo.

Jumatano, 4 Juni

Nimekwenda dukani kwa Shabbir. Niseme mapema kwamba wakili haruhusiwi kumtumikia mtu na mpinzani wake kwa wakati mmoja. Naijua sheria hiyo. Ndiyo maana sikwenda kumtumikia. Nimekwenda kununua misumari.

Mzee mwenyewe yuko nyuma ya kaunta, kofia ya sufu kaivuta hadi masikioni, anaongea Kihehe na wateja vizuri kuliko mimi ninavyoongea Kinyakyusa. Akaniuliza misumari ya inchi ngapi. Sikuwa nimelifikiria hilo. Nikasema ya wastani. Akauliza ya kupigilia nini. Nikasema vitu vya kawaida tu. Akanitazama kwa muda, akaniagizia chai ya tangawizi na kachori. Nadhani ilikuwa huruma.

Kachori ya pili ilinipa ujasiri. Nikajitambulisha: Ipyana, wakili msomi, kijana wa kutumainiwa. Nikamuuliza kama ana wakili wake. Akasema anaye, tena wa nyumbani kabisa, lakini kazi yake ni kumgombeza tu. Nikaona mlango umefunguka! Nikamwambia mfanyabiashara hahitaji wakili wa kumgombeza, anahitaji wakili wa kumwambia ndiyo. Akacheka. Akataka kujua hapo ninapofanya kazi pakoje. Nikamwaga yote. Nikamwambia mkuu wetu ni mama mmoja mkali, anachungulia hadi kopo la majani ya chai, kaacha kazi za maana mjini Dar ili akae na watu wa malalamiko, na kwao huko lazima wanasikitika. Mzee akacheka hadi akavua miwani akaifuta. Akaniomba nirudie pale pa majani ya chai.

Nimemteka! Wakati naondoka kanishika mkono, kaniita wakili wake. Nimemwandikia Fred kwamba samaki kanasa. Misumari nimeiweka chini ya kitanda.

Jumamosi, 7 Juni

Ilula. Kazi ilikuwa kukaa na Mama Masumbuko nimwandae kwa ajili ya baraza. Nimevaa mavazi kamili: suti nyeusi, kola yenye vile vitambaa viwili vyeupe vya kuning'inia shingoni, na joho juu. Sababu ya kwanza ni picha ya kumrushia Fred. Ya pili ni baridi.

Nimeshuka kwenye basi, na wanawake waliokuwa wanakimbilia madirisha na ndoo za nyanya wakasimama ghafla. Mmoja akatua ndoo, akapiga goti. "Kamwene, Baba Mchungaji! Tulijua tu utafika."

Nikageuka nyuma kumtafuta huyo mchungaji. Hakuna mtu.

Kumbe walikuwa wanamsubiri mchungaji mgeni, wa kuja kuwaombea. Bei imeanguka, nyanya zinaozea kwenye matenga. Nikafungua mdomo nieleze ukweli. Hapo upepo ukaleta harufu kutoka nyuma ya vibanda. Wali. Na kuku wa kienyeji. Nikaufunga mdomo.

Sikusema uongo, na hili liingie kwenye kumbukumbu. Hakuna aliyeniuliza kama mimi ni mchungaji, na shahidi hajibu swali ambalo hajaulizwa.

Wakaomba nizibariki nyanya. Sala pekee ninayoijua kwa moyo ni ile ya mezani ya watoto. Nikaona nianze na lugha ninayoimudu, ya mahakamani. Nikamwambia Mola kwamba waleta maombi walio mbele yake ni wakulima na wachuuzi wa Ilula, watu wazima wenye akili timamu. Nikaeleza chanzo cha madai yao. Nikaomba bei ipande, ukungu wa majani ukome, gharama za shauri hili zibebwe na shetani, na nafuu nyingine yoyote ambayo Yeye ataona inafaa. Wakaitika amina kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia mahakamani. Bibi mmoja alilia. Alisema tangu azaliwe hajasikia sala iliyopangika namna ile.

Kisha wakakaa kusubiri mahubiri. Sina mahubiri! Na sahani imeshaletwa, inapoa! Nikamkumbuka mama yangu na walokole wenzake kule Mbeya: mhubiri akikosekana, ni ushuhuda. Nikatangaza kwamba kabla ya neno, kila mwenye jambo moyoni asimame alitoe mbele za Mungu. Pambio likaanza, watu wakawa wanasimama mmoja mmoja, mimi nikaanza na paja. Mmoja alishuhudia mguu wake ulivyopona. Mwingine alikiri kwamba huwa anaficha nyanya mbovu chini ya ndoo. Mwanamume mmoja mrefu, koti la kaki, alishuhudia kirefu sana huku analia, habari za kaka yake, sijui tamaa, sijui kiwanja. Sikufuatilia. Nilikuwa nimefika kwenye firigisi, na firigisi haitaki papara.

Mama Masumbuko peke yake ndiye aliyejua mimi ni nani, maana tulishaongea kwa simu. Alinivuta pembeni akicheka hadi kitenge kikamdondoka begani. Nikamwambia siku ya baraza aeleze tu mambo yalivyokuwa, asiogope. Hapo akaacha kucheka. Akasema mbele ya wanaume wa ukoo ulimi wake hukauka, akaniuliza kama kweli nitakuwa naye siku hiyo. Nikamwahidi. Nilikuwa nimeshiba, na aliyeshiba huahidi lolote.

Picha imetoka vizuri sana. Nimeiweka status.

Jumatatu, 9 Juni

Aibu! Esnath kaiona picha. Akaniuliza kwa upole (upole wake ndio unaoniudhi) joho lile nilikuwa nalipeleka wapi. Nikamjibu kwamba yale ni mazoezi, joho lenyewe ni la Jumatano barazani. Akaweka kikombe chini. Akanikumbusha kwamba wakili haruhusiwi kumwakilisha mtu baraza la kata. Hata kidogo. Akasema tulifundishwa.

Tulifundishwa lini? Lazima siku hiyo nilikuwa na homa.

Dada Taslim akasikia kutoka chumbani kwake, akasema ndiyo maana yeye alinituma nimwandae mama asimame mwenyewe. Akauliza maandalizi yamefikia wapi. Nikasema yamekamilika.

Mchana Mama Masumbuko kapiga simu. Anasema chakula hakimpiti kooni. Saulo alilainika Jumamosi, lakini jana kawa mbogo tena, anasema kiwanja kitauzwa liwalo na liwe. Nikauliza Jumamosi alilainishwa na nini, salio lake likakata. Akapiga tena kwa simu ya jirani kusema kwamba Mzee Ezron, mwenyekiti wa baraza, ameomba yule mchungaji aje Jumatano awafungulie kwa sala.

Nikakaa nikafikiri. Wakili anakatazwa. Mchungaji anaalikwa. Na joho ninalo moja, linafaa kote kuwili. Mtu mwingine hapo angeona tatizo! Mimi nimeona mlango. Nitakaa karibu na mama wa watu kama nilivyoahidi, nitamnong'oneza vifungu vya sheria, na Esnath atakoma.

Dosari ni moja tu. Shabbir naye atakuwepo kama mnunuzi, na yeye ananijua ni wakili. Nimepanga kumpa mgongo.

Jumatano, 11 Juni

Nimerudi nikiwa mzima. Niandike harakaharaka kabla sijaanza kujitetea.

Nilipewa kiti cha mbele. Mzee Ezron akaniomba nifungue kwa sala. Nikafungua. Nilikuwa nimefika kwenye nafuu nyingine yoyote, gari likasimama nje. Akashuka Mzee Shabbir. Upande wa dereva akashuka Dada Taslim. Akamshika mzee mkono wavuke mtaro, akamwambia, "Baba, angalia mguu."

Baba! Wakili wa nyumbani! Wa kugombeza! Nikaikumbuka kachori. Nikayakumbuka majani ya chai. Amina yangu ilitoka na sauti ya mbuzi.

Mgongo nilimpa, lakini joho lina mgongo unaojulikana. Mzee akaja akanichungulia usoni, akafurahi kwa dhati. "Eh! Wakili wangu naye yupo!"

Mzee Ezron akaniuliza mimi ni mchungaji au ni wakili. Nikasema swali hilo lina sehemu mbili. Akasema nijibu kwa neno moja. Nikajibu. Akasema wakili hana nafasi pale, na mchungaji wa uongo hana nafasi popote.

Nikatolewa nje. Kwa heshima, lakini nje. Nikaenda kusimama dirishani, kwenye nondo. Nikamwona Mama Masumbuko kabaki peke yake kwenye benchi, mikono kaibana magotini, ananitafuta kwa macho. Nilijisikia mtu mbaya. Nilimwahidi mimi. Hilo naliandika mara moja tu.

Saulo akasimama, na kumbe ndiye yule mrefu wa koti la kaki! Akasema kiwanja hakijawahi kuwa cha marehemu, ni cha ukoo, kaka yake alipewa pa kujishikiza tu. Zamu ya Mama Masumbuko ikafika. Akasimama. Akafungua mdomo, hakikutoka kitu. Akakaa.

Hapo akainuka yule bibi aliyeililia sala yangu. Akamuuliza Saulo mbona Jumamosi alishuhudia mengine. Mbona alisimama mbele ya watu wote akasema kaka yake alikinunua kile kiwanja kwa jasho lake, akamwachia mkewe mbele ya kikao cha ukoo, na kwamba yeye Saulo kaingiwa na tamaa, anaomba toba. Wanawake wote wakaitikia kwamba walisikia. Hata yule wa nyanya mbovu.

Sasa hapa sijui nilipatwa na nini. Chuo kikuu, shule ya sheria, yote yalinipanda kichwani kwa pamoja. Nikabana uso kwenye nondo nikapiga kelele: "Pingamizi! Ya kwenye ibada hayapokelewi barazani!"

Nimempinga shahidi wetu wenyewe!

Dada Taslim akajifunika uso. Saulo akalidaka palepale. Akasema wakili kanena kweli, na tena mchungaji mwenyewe ni feki, kwa hiyo toba yake haikuhesabika, anairudisha. Watu wakaanza kubishana. Wengine walisema mchungaji feki, toba feki. Wengine walisema kuku hakuwa feki.

Mzee Ezron akawanyamazisha. Akamgeukia Saulo, akasema taratibu: "Saulo, mwanangu. Siku ile unalia, ulikuwa unamwambia nani? Kama ulikuwa unamwambia huyu aliyekuwa anakula, pole, umetapeliwa. Kama ulikuwa unamwambia Mungu, Mungu alikuwa ameshafika kabla ya basi la huyu kijana."

Saulo akatazama chini, akasema alikuwa anamwambia Mungu.

Ndipo ulimi wa Mama Masumbuko ukafunguka. Hakumtukana. Akamwita shemeji. Akaeleza jinsi marehemu alivyokuwa akizoa mawe ya kiwanja kile kila akitoka kwenye vibarua, na Saulo mwenyewe akimsaidia, wakicheka. Akasema hataki mtu aaibike, anataka kuuza nyanya. Saulo akalia tena, safari hii bila pambio. Mzee Shabbir akasimama akasema yeye hununua viwanja, machozi hanunui, na kwamba binti yake alikuwa ameshamwambia hivyo tangu mwanzo, kwa kelele. Suluhu ikaandikwa. Kiwanja kimebaki kwa Mama Masumbuko.

Akaja dirishani, akanishika mikono yote miwili kupitia kwenye nondo. Aliponiachia nilijifuta macho kwa joho. Nadhani ni vumbi.

Ijumaa, 13 Juni

Dada Taslim kaniita ofisini kwake. Mezani kaweka kopo la majani ya chai, kafungua kifuniko, kanikaribisha nichungulie. Nimechungulia.

Kisha akaniambia joho limefungiwa kabatini na funguo anazo yeye. Akasema kwa haki angenishtaki kwa wakubwa wa mawakili. Lakini asubuhi wanawake wa Ilula wamekuja na tenga la nyanya wakimuulizia yule wakili mchungaji, na kila mmoja ana shauri lake. Baba yake naye kaniombea, anasema hajacheka vile tangu afungue duka. Kwa hiyo adhabu yangu ni ajira ya kudumu! Kituo kinafungua dawati Nyololo. Nitakaa huko, nizunguke vijijini, niwaandae watu wasimame wenyewe mbele ya mabaraza yao. Niwaandae kwelikweli, alikazia. Na nisivae kitu chochote cheusi cha kuburuzika.

Nimempigia Fred haraka. Kiti kampa mwingine! Aliiona picha yangu, akajua nimeachana na sheria nimeokoka. Kanipongeza. Mama naye kaiona, kaitangaza kanisani Mbeya, na sasa wananifungia maombi nipate usharika mzuri.

Esnath kanipa mkono. Akasema kesi yake imeahirishwa, mimi nimepata haki ya mtu kabla yake, na akasema bila kejeli. Nilitafuta kejeli, haikuwepo. Akaninyanyukia kiti cha juani, cha kuagana. Nikakaa.

Jua halikutoka.

Jumapili, 22 Juni

Nyololo. Ile ya Iringa ilikuwa baridi. Hii ya hapa ina kisirani.

Wiki nzima nimesikiliza watu: mipaka, mirathi, mashamba ya miti. Juzi mzee mmoja niliyemwandaa alisimama mwenyewe mbele ya baraza lake, akajieleza bila kutetemeka, akarudi kunikumbatia. Nimefurahi. Niseme ukweli, tangu nije huku nalala vizuri na chakula kinapita. Lakini furaha siyo mpango.

Mpango ni huu. Kuna tajiri wa mbao anaitwa Nadeem, ana malori yanayopita hapa usiku na mchana. Mteja kama huyo, Fred hawezi kumkataa hata kama kiti kimekaliwa, ataongeza kiti. Kesho nitakwenda kwake kununua mbao. Za wastani. Na safari hii nimechunguza kwanza, mtu asije akasema sijajifunza: hana binti mwanasheria. Hana binti kabisa. Mkewe ana kazi fulani mahakamani, sikuuliza ipi, haihusiani.

Joho sina, kwa hiyo baridi nimeitafutia dawa mtumbani: koti refu jeusi, linafika vifundoni. Mama kanitumia skafu nyeupe. Asubuhi hii nimetoka hivyo nikanunue maandazi. Nimepita mahali kina mama wanapanga mabenchi uani. Wakasimama. Mmoja akapiga goti, akasema wameshaanza kukata tamaa ya kuniona. Nyuma yao kuna sufuria mbili.

Naandika haya nikiwa kiti cha mbele. Hakuna aliyeniuliza kitu. Makosa ya Ilula nayajua, sitayarudia. Kule nilipoteza muda mwingi kwenye sala, chakula kikapoa. Hapa nimewaambia waanze moja kwa moja na ushuhuda, nami nianze na firigisi.